Mabula Wanne

Miaka sita nililala na jina chini ya mto,
maneno mawili tu, silabi tano.
Silitaji hapa, nisije nikamtengenezea mtu mwingine kichwa.
Hata Nyamizi sikumwambia. Mke wangu
alidhani ule mnong'ono wa usiku ni wa mwanamke wa nje.
Hakukosea sana.

Jumatano nikalipeleka Mabatini, kwa Magesa mpiga chapa,
kurasa mia tatu na kumi na mbili ndani ya mfuko wa sukari.
Akasoma jalada, akakohoa,
akapanda juu ya kiti, akashusha vumbi na vitabu vitatu:
kimoja cha mapenzi, pembe zimeliwa na mende,
kimoja cha katekista wa Ukerewe, mawaidha ya ndoa,
kimoja hakina kurasa za mwisho,
waliomo humo sijui waliishia wapi.

Vyote vitatu, jina langu.
Nasema langu, kama mtu
aliyemkuta mwenziwe kavaa shati lake
kumbe wote wawili wamelitoa mtumbani, Mlango Mmoja.

"Badili," akasema Magesa, "utawachanganya watu."

Nikashuka hadi Kirumba nikibadili.
Nikaongeza neno nyuma: likawa refu kama chama cha kuweka na kukopa.
Nikaongeza mbele: likanuka mahubiri.
Nikaligeuza kwa Kisukuma, likapendeza,
lakini niliyemwandika ni Mkerewe, angenicheka kaburini.
Nikajaribu jina la jiwe. Kwetu mawe hayaishi,
yamekaa juu ya mapaa ya Igogo kama deni la baba,
ila katika hadithi yangu hakuna jiwe.
Kuna kiatu kimoja. Kuna barua.
Kuna mtu anayesubiri meli iliyokwisha kufika.

Mwaloni, Lusato alikuwa amechuchumaa
anaandika SUBIRA ubavuni mwa mtumbwi, rangi ya samawati,
na herufi ya R imemshinda, inatiririka.
Mtumbwi wa pili yake, SUBIRA.
Ule uliopinduliwa, korongo wawili wamesimama juu yake
kama mahakimu wasiolipwa, nao SUBIRA.
Nikamuuliza, Mzee, hamwibiani?
Akafuta R kwa kidole gumba.
"Sangara hasomi," akasema.
"Na mwenye mtumbwi haangalii jina.
Anaujua kwa pale unapovuja."

Nilipanda Kitangiri kwa miguu, harufu ya dagaa nyuma yangu,
nikakumbuka darasa la pili.
Mwaka tuliozaliwa mvua haikujua kwenda kwao,
basi dawati kwa dawati tulikuwa Mabula wanne.
Mwalimu Bahebe akatuhesabu kama ng'ombe:
Mabula wa Kwanza, wa Pili, Mabula wa Mama Muuguzi,
na mimi, Mabula Mfupi,
ambaye baadaye nilirefuka, jina likagoma.
Jioni mama zetu walisimama milangoni, wote wanne,
wote wakiita neno lile lile kuelekea ziwani.
Sikuwahi hata siku moja
kukimbilia ugali wa nyumba isiyo yetu.
Wa kwetu aliita kama mtu anayeona tayari
kwamba sijaosha miguu.

Alhamisi nikarudi.
Magesa akachomeka kalamu sikioni.
"Haya. Umepata jipya?"
"Lile lile."
Akatazama vile vitatu, bado viko mezani,
akavisogeza kidogo, nafasi ya upana wa kiganja.
"Na mwandishi?"
"Mabula."
"Mabula yupi?"

Nikamfungulia ukurasa wa mia na nne,
alipo yule mtu na kiatu chake kimoja,
meli imetia nanga tangu asubuhi,
abiria wameshuka, wapagazi wamelipwa,
na yeye bado anauliza watu saa ngapi.